Yamaha ya mzee: shajara ya skrubu nane

Moshi, Soweto. Pikipiki ni Yamaha AG100, zile za mabwana shamba: injini ya tu-stroku (mipigo miwili) ya sisi (cc) 97, mnyororo umefunikwa wote na bati, keria mbele na keria nyuma. Baba alipanda nayo Kibosho na Uru miaka mingi kuwakagulia watu kahawa. Alipostaafu aliinunua kwenye mnada, akaiegesha, na sasa ina miaka sita kibandani kwangu. Oili ya gia inavuja kwenye kava la kulia na klachi inateleza. Dawa yake inajulikana: fungua kava, weka gasketi mpya, ule utando wa kuziba kati ya kava na injini, na pleti mpya za klachi, funga. Nataka itembee kabla ya Nane Nane. Nimetenga wikendi moja.

Jumamosi, 5 Julai

Baridi ya Julai, mlima haujaonekana tangu Jumatano. Nimemwaga oili, nimevua kiki na pedeli ya breki. Kava limeshikwa na skrubu nane za nyota. Nimezipa namba kwa chaki kuanzia juu, kwa mwendo wa saa.

Namba 1 na namba 2 zimetoka, nikajiona fundi. Namba 3, bisibisi ikazunguka skrubu ikabaki. Nikakandamiza zaidi, nikazungusha kwa hasira, ikaruka tena na kutoa ule mlio wa krrr ambao kila aliyewahi kufungua kitu anaujua. Mara ya tano nikamulika kwa tochi ya simu: msalaba umekuwa shimo la duara, na pembeni kuna unga wa chuma unang'aa. Namba 4 niliijaribu mara mbili, nikaona nayo inaelekea hukohuko. Nikaweka bisibisi chini nikaenda kunywa chai.

Bisibisi yenyewe ni ya nyumbani, ya mpini mwekundu. Ndiyo inayofungua soketi, rimoti, kitasa, na ndiyo inayobandua mfuniko wa kopo la rangi.

Jumapili, 6 Julai

Nimepaka dizeli kwenye skrubu zote sita zilizobaki na kuziacha zilowe. Mchana nimempigia baba simu kumwuliza kama aliwahi kulifungua hilo kava. "Nililifungua," akasema, "tena kwa bisibisi hiyohiyo nyekundu, nilikuachia." Kumbe uharibifu una historia.

Jioni nimejaribu tena namba 4. Krrr.

Jumatatu, 7 Julai (Saba Saba)

Sikukuu, lakini kuna fundi mzee mtaa wa Pasua ambaye sikukuu yake ni kukaa gereji bila kelele za vijana. Nimemkuta na redio. Nimempa shikamoo, akaitika, nikamwonyesha picha ya namba 3 kwenye simu na kumpa mkononi namba 2 iliyotoka nzima.

Picha hakuitazama sana. "Bisibisi iko wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Basi umeniletea mgonjwa, ugonjwa umeuacha nyumbani."

Nilirudi kuifuata. Alipoishika aliipitisha kidole nchani, akaiweka kwenye kichwa cha namba 2 na kuitikisa. Ilicheza kama kijiko kwenye kikombe. Kisha akachukua ya kwake, nene zaidi, akaichomeka kwenye skrubu ileile na kuilaza mlalo hewani. Skrubu ilibaki imening'inia nchani, haikudondoka. Kipimo chake ndicho hicho: kabla ya kutia nguvu yoyote, bisibisi iweze kuibeba skrubu. Na ile iliyokwisha kufungwa mahali pake, usikie kama inacheza ukiitikisa.

Yafuatayo niliyaandika nyuma ya risiti, nayanakili hapa yasipotee.

Bisibisi za nyota zina namba. Namba 1 ina shingo ya milimita 5 hivi, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 8. Ya nyumbani karibu kila nyumba ni namba 2, nasi tunaiita "bisibisi ya nyota" kana kwamba ni moja tu duniani. Lakini skrubu yenye shina la milimita 6, kama hizi za kava, hutaka namba 3. Namba 2 inaingia, na hapo ndipo inapokudanganya: inazama katikati, inagusa chini, ila mbawa zake hazijazi msalaba. Nguvu yote inakwenda kwenye ncha ndogo za ukuta, ukuta unaliwa, bisibisi inapanda juu na kutoka. Kwa hiyo baba na mimi tumezila skrubu zetu wenyewe kwa kutumia namba moja pungufu.

Jambo la pili sikuwa nimewahi kulisikia. Akaniambia niitazame ile skrubu namba 2 juani. Kwenye kichwa, kati ya mikono miwili ya msalaba, kuna nukta ndogo imedidimia kama alama ya kalamu. "Hiyo ni ya Kijapani." Nyota hizi tulizozoea ni za Phillips, yule Mmarekani Henry Phillips aliyepewa hataza yake mwaka 1936, na General Motors wakaanza kuzitumia kwenye magari miaka hiyohiyo. Wajapani wana vipimo vyao vya msalaba, JIS. Kwa macho zinafanana kabisa. Tofauti ni kwamba bisibisi ya Phillips ina ncha ndefu kidogo na mapindo ya mviringo kwenye kona, hivyo kwenye skrubu ya Kijapani ncha inagonga sakafu kabla mbawa hazijakaa. Bisibisi ya Kijapani, ukiigeuzia skrubu ya Phillips, inakaa bila shida. Si kila skrubu ya Kijapani ina nukta, lakini pikipiki ya Kijapani ya umri huu, usijisumbue kuitafuta, chukulia ni hiyo.

Fundi hana bisibisi ya JIS. Alichofanya ni kuchukua bisibisi namba 3 ya kawaida na kuigusisha ncha kwenye jiwe la kunolea, mguso mmoja, maji, mguso mwingine, maji. Alitoa unene wa ukucha, pengine chini yake. Maji ni ili chuma kisipate moto kikageuka bluu; kikigeuka bluu kimelainika, umetengeneza kijiko. Alipoichomeka tena kwenye skrubu namba 2 ilizama na kutulia kama mguu kwenye kiatu chake.

Nikamwuliza kuhusu zile skrubu za bawaba za kabati zenye vistari vinne vidogo kati ya mikono ya msalaba. Hizo ni Pozidriv, nazo zina bisibisi yake. Nimekumbuka mlango wa kabati la jikoni niliomlaumu seremala mwaka jana. Sitamwambia mtu.

Jumatano, 9 Julai, jioni

Baada ya kazi nimepita maduka ya vifaa upande wa Mbuyuni. Bisibisi ya nyota namba 3 zilikuwa mbili dukani, moja ukiikunja kwa mikono unaiona inakubali. Nimechukua nyingine. Nimepata pia bisibisi ya kugonga, ile nene ya chuma tupu unayoipiga kitako kwa nyundo nayo inazunguka kidogo kila ukiipiga. Elfu thelathini. Mangi mwenye duka alitaka arobaini, nikamwambia natengeneza pikipiki, sijengi. Nimenunua na kikopo cha pasta ya kusagia valvu, kwa maagizo ya fundi.

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimeanza na usafi, kazi ambayo wiki iliyopita niliiruka. Misalaba yote sita ilijaa udongo mwekundu wa Kibosho uliochanganyika na oili ukawa kama lami. Nimeuchimbua kwa sindano ya kushonea magunia, kisha brashi ya waya, kisha petroli kwenye kitambaa. Chini ya udongo wa namba 6 kulikuwa na milimita nzima ya kina ambayo bisibisi haikuwahi kuifikia. Hata bisibisi sahihi haiwezi kukaa ndani ya shimo lililojaa.

Nimeinoa bisibisi namba 3 mpya kwa tupa, pole pole, nikiipima kwenye skrubu kila mara. Kisha utaratibu wa fundi wa Pasua: iweke wima kabisa, igonge kitako mara mbili tatu kwa nyundo ili ncha ikae na kutu itikisike, egemeza uzito wa bega, halafu *kaza* kwanza kidogo kabla ya kufungua. Hili la kukaza lilinipa shida kuliamini. Lakini skrubu iliyoganda inahitaji kuvunja gundi tu, upande wowote, na ukuta wa kukazia mara nyingi ni mzima kwa sababu sote tumekuwa tukiharibu ule wa kufungulia.

Namba 5: imetoka kwa mkono. Namba 6: kwa mkono. Nimecheka peke yangu kibandani. Zilikuwa hazijagoma wala nini.

Namba 4, ile niliyoiharibu nusu, ndiyo nimeijaribia pasta ya valvu. Ni grisi yenye chembe za mchanga mkali. Ukipaka nchani, chembe zinauma chuma pande zote mbili. Nimesikia ikisaga, nikaongeza bega, ikaachia kwa mlio mmoja mkavu, tak. Skrubu hii haiwezi kurudi kazini, ila imetoka.

Namba 7 imekataa mkono. Nimefunga ncha ya nyota ya ukubwa namba 3 kwenye bisibisi ya kugonga, nikaizungusha mpini upande wa kufungulia hadi ilipobana, nikapiga. Uzuri wake ni kwamba nyundo inaizamisha ncha kwenye skrubu palepale inapozungusha, kwa hiyo haina nafasi ya kuruka. Pigo la tatu ikalegea. Angalizo langu mwenyewe: pikipiki ilikuwa imeegemea stendi ya pembeni tu, na kila pigo lilikuwa linaliwa na springi. Nilipoikandamiza kwenye gogo la mgrevilea, pigo likafika. Na usipige kama unavunja kuni. Kava ni alumini, inapasuka.

Namba 8 imekataa hata nyundo. Namba 3 haina msalaba. Zimebaki mbili.

Skrubu zilizotoka nimezichomeka kwenye katoni ya sabuni niliyoichora umbo la kava, kila moja kwenye tundu lake. Tatu ni ndefu kuliko nyingine. Ukiirudisha ndefu kwenye tundu fupi itagusa mwisho kabla ya kubana kava, au itapasua kizimba cha injini.

Jumapili, 13 Julai

Moto. Kwanza nimevua tangi la petroli na kabureta, nikavipeleka nyuma ya nyumba, nikarudi na kunusa kibanda kizima kama mbwa. Halafu ndipo nikawasha tochi ya gesi.

Hesabu yake ninaipenda. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, sehemu 23 katika milioni dhidi ya 12 hivi. Tundu la milimita 6 likipandishwa nyuzi 100, alumini inatanuka maikroni 14 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na skrubu maikroni 7. Nafasi inayopatikana ni maikroni 7 tu, kitu usichoweza kukiona. Lakini kilichoishika skrubu ni ule unga mweupe unaoota pale chuma na alumini vinapokaa pamoja na maji ya mvua miaka mingi, vikifanya kazi kama betri ndogo, na unga huo ukipasuka kidogo tu umeshindwa. Kwa hiyo unachoma kizimba kuzunguka skrubu, si kichwa cha skrubu. Moto uzunguke, usikae sehemu moja. Nilidondoshea tone la maji. Lilipochemka na kuruka nikazima, nikapachika bisibisi ya kugonga. Mapigo mawili. Namba 8 nje, uzi wake umejaa unga mweupe kama sembe.

Gasketi ya kale imeungua harufu mbaya, lakini hiyo ilikuwa ya kutupwa. Sili ya shafti ya kiki nayo nimeinunua mpya kwa tahadhari.

Kwa skrubu namba 3 nilitaka kukata mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma niifungue na bisibisi bapa. Msumeno haupiti, bomba la ekzosi limekaa njiani. Nimeishia kukwaruza bomba.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya drili. Nimeazima ya jirani, naye akaja nayo na akakaa, maana hakuniamini.

Fundi alinionya kuhusu zile ncha za kutolea skrubu, za kuzamisha kwenye tundu na kuzungusha kinyume. Chuma chake ni kigumu sana. Ikikatikia ndani, umezika kitu ambacho hakitobolewi kirahisi. Kwa skrubu ya kava, alisema, huna haja nayo: ua kichwa tu.

Nimepiga alama katikati kwa sentapanchi, biti ya milimita 3 kwanza, kisha 6, mwendo mdogo, tone la oili. Sikutoboa skrubu, nimetoboa kichwa. Kilipobaki kama bati jembamba kilikatika na kupanda kwenye biti kama pete. Jirani akasema "haya!" kana kwamba yeye ndiye ameshika drili.

Kava likatoka kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira. Shina la namba 3 limebaki limesimama, urefu wa zaidi ya sentimita mbili. Nimeleta vaisgripu, koleo la kujifunga, nikalibana shina kidogo tu nipime. Likazunguka. Nimeliachia na kulitoa kwa vidole. Kwa vidole! Kilichokuwa kinalishika ni mkazo wa kichwa juu ya kava. Kichwa kilipoondoka, hakuna kilichobaki cha kupigania. Wiki mbili nimepigana na skrubu ambayo nyuzi zake zilikuwa safi na zimelowa oili.

Jumapili, 20 Julai

Kukwangua gasketi ya zamani. Wembe, mafuta ya taa, subira, hakuna cha kusimulia. Pleti za klachi zimechakaa kama ilivyotarajiwa.

Jumamosi, 26 Julai

Kwa kuwa kabureta iko nje, nimeisafisha. Skrubu nne za bakuli lake ni namba 2 za Kijapani, na hapa bisibisi namba 2 ina haki yake, ikinolewa ncha. Zimetoka zote.

Nilipofika kwenye jeti ya mwendo wa chini, kile kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, nikarudia kosa langu kwa sura nyingine. Jeti ni ya shaba ya njano, ya kichwa bapa, imezama kwenye kisima chembamba. Nilichukua bisibisi bapa ya kwanza niliyoiona. Bapa za kawaida zimechongwa kama kabari: nene juu, nyembamba nchani. Kabari ikiingia mferejini inagusa midomo ya juu tu, na ukizungusha inajisukuma nje, inang'oa midomo. Niliona chembe ya njano ikiinuka, nikasimama. Angalau safari hii nilisimama mara ya kwanza.

Nimechukua bapa nyingine ya zamani na kuipiga tupa hadi ncha ikawa na mashavu yaliyo sambamba, unene wa mfereji kamili, upana wa kichwa kamili bila kugusa ukuta wa kisima. Dakika arobaini za tupa kwa kazi ya sekunde tano. Jeti imetoka na midomo yake.

Baba amepiga simu kuuliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado. "Mimi nililifungua asubuhi moja," amesema. Nimemjibu kwamba nimeziona alama zake.

Jumapili, 27 Julai

Kufunga. Skrubu za nyota hazirudi. Nimenunua nane za alenki, zile zenye tundu la pembe sita kichwani, milimita 6 shina, ufunguo namba 5, urefu nikiulinganisha na katoni ya sabuni moja moja mbele ya Mangi, ambaye uvumilivu wake ulikuwa mfupi kuliko skrubu zenyewe. Kila uzi umepata grisi ya shaba kidogo ili yule wa kesho, ambaye ni mimi, asihitaji moto.

Hatari ya alenki ni kwamba haitelezi, kwa hiyo hakuna kinachokuonya ukizidisha. Kwenye alumini, skrubu ya milimita 6 inataka kama Nm 10, sawa na kuning'iniza kilo kumi kwenye mpini wa sentimita kumi. Sina spana ya kupimia. Nimeshika upande mfupi wa ufunguo na kukaza kwa vidole vitatu, kwa msalaba, raundi tatu, kila raundi kidogo.

Oili mpya ya gia. Nimetandika katoni safi chini ya injini na kufunga kibanda.

Jumatatu, 28 Julai, saa kumi na mbili asubuhi

Katoni kavu. Kiki ya saba imewaka, moshi umejaa kibandani, mama wa jirani ameanua nguo.

Kazi iliyobaki ni taa ya nyuma. Lenzi ina skrubu mbili ndogo za nyota, moja imeshika kutu. Nimezipaka dizeli, nimechimbua udongo, na bisibisi nyekundu nimeirudisha jikoni kwenye kopo la rangi.